Gundi kwa Mama Mkwe

Mtu anayetaka kulipiza kisasi kwa viazi hanunui viazi vya ovyo. Fundi alilijua hilo, ndiyo maana asubuhi ile alichutama mbele ya fungu la viazi mpaka muuzaji akaanza kununa. Alikishika kimoja kimoja, akakikwaruza ganda kwa ukucha, akakirudisha, akachukua kingine. Alitaka vile vikavu vyenye unga mwingi, vinavyopasuka vyenyewe vikiiva. Hivyo ndivyo vinavyotoa viazi vya kuponda laini kuliko vyote, na vikiharibiwa na mtu anayejua anachofanya, ndivyo vinavyotoa gundi kali kuliko zote. Muuzaji alimuuliza kama nyumbani kuna harusi. Fundi alimjibu kwamba anakwenda kuhakikisha haipo, akalipa, akashika njia.

Wageni wa mchana huo walikuwa wawili. Wa kwanza ni mwanamke aliyekuwa mkuu wa shule kwa miaka mingi. Alikwishastaafu, lakini mtaa mzima uliendelea kumwita Mwalimu na kunyoosha mgongo akipita. Wa pili ni mwanawe wa pekee wa kiume, mkata vioo vya miwani, mtu wa sauti ya chini asiyegombana na yeyote, ambaye tangu utotoni watu walimwita Mpole. Walikuwa wanakuja kumposa Fundi. Tuseme walikuwa wanakuja kumposa mara ya pili, maana mara ya kwanza iliishia kwenye sahani.

Fundi alikuwa mshonaji wa mapazia. Aliishi na shangazi yake aliyemlea, dada wa marehemu baba yake, na chumba cha mbele cha nyumba yao kilijaa majora ya vitambaa, cherehani mbili na makopo ya pete za pazia. Mpole alimkuta humo humo. Alikuja kuagiza pazia la duka la miwani, akarudi kesho yake kusema amekosea kipimo, akarudi tena kusema kile cha kwanza ndicho kilichokuwa sahihi, na dirisha lenyewe lilikuwa moja tu. Shangazi aliambiwa kwamba mteja ni msumbufu. Akajibu kwamba wateja wasumbufu hawaji wamejipulizia manukato. Basi walipendana, na walipendana kwelikweli, mpaka Fundi akawa anashona upande mmoja wa pazia mrefu kuliko mwenzake.

Siku Mpole alipompeleka kwao akaonekane, Mwalimu alikuwa ametoka kung'olewa meno na hawezi kutafuna. Fundi aliomba aingie jikoni awapikie viazi vya kuponda kama alivyofundishwa na mama yake kabla hajafariki. Alivichemsha, akavichuja, akavirudisha motoni kidogo vikauke mvuke, akaviponda vingali moto, akatia siagi, akatia maziwa ya vuguvugu. Ilikuwa imebaki kuvigeuza tu. Mara maziwa yakamwagikia gauni lake, lile jipya. Akampa Mpole mwiko, akamwambia avigeuze polepole, asivisonge, yeye anakwenda kujisafisha mara moja.

Sasa, viazi vilivyokwisha kupondwa havisongwi. Ukivisonga vinakasirika, vinatoa utelezi, vinaanza kuvutana. Mpole alikuwa na mapenzi mengi na mkono wenye nguvu, na aliamini kuwa kitu kikisongwa zaidi ndivyo kinavyozidi kulainika. Alisonga. Alisonga mpaka jasho likamtoka, akijua anamsaidia mpenzi wake. Fundi aliporudi alikuta sufuria imejaa kitu kinachong'aa kinachogoma kuachia mwiko, na mezani Mwalimu alikwishaanza kuuliza kama wanapika au wanajenga.

Walikaa watu wengi siku hiyo, madada wa Mpole, baba mdogo, jirani. Mwalimu alichota, akanyanyua kijiko, na viazi vikapanda navyo bila kukatika mpaka usawa wa pua. Akamgeukia mwanawe.

"Mwanangu, uliniambia unaniletea fundi," alisema, "au ulisema gundi?"

Watu walivunjika mbavu. Baba mdogo alipaliwa. Fundi, akiwa amesimama na gauni lake lenye doa bichi, alimtazama Mpole na kusubiri sentensi moja tu, kwamba vilisongwa na mimi. Mpole alimtazama pia. Macho yao yalikutana, hilo Fundi angeweza kuliapia, halafu yule bwana akayashusha taratibu kwenye sahani yake, akaanza kula.

Jina likatoka na wale madada, likafika mtaani kabla ya Fundi mwenyewe. Wateja waliokuja kuchukua mapazia walikuwa wanamtazama mikono na kutabasamu. Alimpelekea Mpole ujumbe kwamba amwambie mama yake ukweli, ndipo aje. Mpole hakusema na hakuja. Akapata kazi mji mwingine, na mapenzi yale yakabaki yananing'inia bila mwenyewe. Miaka ikapita. Mpole akarudi, akakataa kila mwanamke aliyetajiwa, mpaka Mwalimu akavaa viatu vyake vya mikutano, akaja mwenyewe kwa Shangazi kuomba wasahau yaliyopita. Shangazi alifurahi. Fundi alipoulizwa alikubali papo hapo wageni waje, tena akasema atapika yeye. Shangazi angemjua vizuri mpwa wake siku hiyo, angeshtuka.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Sufuria mbili. Ya kwanza ya viazi laini kama inavyotakiwa, kwa ajili yake na Shangazi. Ya pili ya gundi, kwa ajili ya wageni. Sahani zitapakuliwa jikoni ili zisichanganyikane. Mwalimu atameza jina alilolitoa mwenyewe, ataropoka kama kawaida yake, na hapo Fundi atasimama mbele ya watu na kusema neno moja, sitaki. Neno hilo alilifanyia mazoezi wiki nzima akipiga pasi mapazia. Alijua pia bei yake. Akishalisema, Mpole hatakanyaga tena kizingiti hicho, na yeye Fundi atakuwa amejikata mwenyewe, kwa sababu aibu kubwa kuliko ya gundi ni kwamba alikuwa bado anampenda. Alimchukia na kumpenda kwa moyo mmoja na ule ule, na alikuwa amechoka.

Alimenya, akavikata vipande vilivyolingana, akavitia katika maji ya baridi yenye chumvi ili viive ndani na nje kwa pamoja. Vilipoanza kupasuka pembeni alivichuja, akavirudisha juu ya moto mdogo mpaka vikakauka na kuwa vyeupe kama chaki. Akavigawa. Sufuria ya kwanza aliiponda kwa upole, akatia siagi kwanza, kisha maziwa ya moto kidogo kidogo, akigeuza kwa mwiko kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Vikawa laini hivi kwamba alipoonja alifumba macho. Akaifunika, akaiweka kando. Kisha akavuta sufuria ya pili, akamimina maziwa ya baridi, akakunja mikono ya blauzi, akaanza kusonga.

Wageni walipiga hodi akiwa ndiyo kwanza amepata mwendo. Alisikia Shangazi akiwakaribisha kwa sauti yake ya sherehe, akasikia Mwalimu akisifia mapazia kwa uangalifu wa mtu aliyeambiwa asifie. Alitoka, akaamkia, akaitikiwa, akarudi jikoni kabla hajalazimika kumtazama mtu wa pili. Hakupata hata dakika ya kupumua. Mlango ulijaa.

"Naweza kusaidia?" Mpole aliuliza.

"Ulishasaidia mara moja. Inatosha."

Hakugeuka, lakini alikwishamwona. Alikuwa amekonda. Chini ya kidevu palikuwa na sehemu iliyorukwa na wembe, na vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo ile ile ya vioo ambayo zamani Fundi alikuwa akiipaka mafuta. Alijichukia kwa kuiona. Aliusukuma mwiko kwa nguvu zaidi.

Mpole alisogea mpaka kwenye meza ya jikoni. Akatazama sufuria iliyofunikwa, akatazama iliyo wazi, akatazama kiwiko cha Fundi kinavyokwenda.

"Unavisonga," alisema polepole.

"Navisonga."

"Vitakuwa gundi."

Hapo ndipo Fundi alipogeuka. "Kumbe unajua," alisema. "Miaka yote hii nilikuwa najifariji kwamba pengine hukuelewa. Nilikuwa nasema, maskini, mkata miwani, atajuaje mambo ya viazi. Kumbe ulikuwa unajua."

"Nilijua siku ile ile. Nilijua wakati mama ananyanyua kijiko."

"Na ukala."

"Nikala."

"Vilikuwa vitamu?"

 Kope zilimtetemeka Mpole, na Fundi akaona jinsi anavyotaka kuyashusha macho, akaona na jinsi anavyoyalazimisha yabaki juu. Zamani angemhurumia. Zamani angemshika mkono.

"Nilikuwa namwogopa mama," alisema Mpole. "Watu wananiita mpole, nami nikakubali, kwa sababu ni jina zuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwoga. Nilisema nitamwambia kesho. Kesho yake nikaona aibu kwa nini sikusema jana. Ikawa hivyo hivyo kila siku, na kila siku aibu inakuwa kubwa, mpaka nikakimbia mji. Sikuacha kukupenda hata siku moja."

"Usiniambie habari za kupenda. Mimi nilipendwa na wewe, nikaitwa Gundi na mtaa mzima. Wale watoto wa kona walikuwa wananiomba nibandike daftari zao." "Nilikuwa nalia ndani ya majora, Shangazi asinisikie. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimejificha."

"Basi nenda kaendelee. Ukitaka, nenda sasa hivi ukamwambie mama yako kwamba chakula anachowekewa kimeharibiwa makusudi. Mtaondoka zenu na heshima yenu. Au kaa kimya. Hilo umelizoea."

Alidhani atajitetea. Badala yake Mpole alinyoosha mkono, akagusa ukingo wa sufuria ya gundi karibu kabisa na vidole vya Fundi, bila kuvigusa. Mvuke ulipanda kati yao, na Fundi alisikia harufu ya sabuni ya Mpole, ile ile ya zamani. Kisha kutoka sebuleni Shangazi akaita kwamba wageni wana njaa. Mpole alichukua sahani mbili zilizokuwa juu, akasubiri zipakuliwe. Fundi akapakua. Sahani za gundi akazibeba Mpole mwenyewe mpaka mezani, akamwekea mama yake moja, akajiwekea nyingine, akaketi. Fundi alipomwona akiketi kimya, kile kidogo kilichokuwa kimelainika ndani yake kikarudi kuwa kigumu.

Walipewa na kuku wa kuoka. Shangazi aliomba dua fupi, akawahimiza wale, akatia kijiko chake cha kwanza mdomoni. Uso ukamchangamka.

"Huyu mtoto," alisema, "leo amejipita. Hivi vinateleza vyenyewe, wala huhitaji meno. Mwalimu, umeonja?"

Mwalimu alikuwa ameonja. Fundi alimtazama bila kupepesa. Alikiona kijiko kikinyanyuka, akaviona viazi vikinyanyuka navyo, virefu, vyenye kung'aa, kama ilivyokuwa siku ile. Midomo ya Mwalimu ilijifunga, taya likafanya kazi, koo likapanda na kushuka kwa taabu. Sasa ataropoka, Fundi alijiambia, na neno sitaki likakaa tayari nyuma ya meno yake.

Mwalimu alifuta mdomo. "Nimeonja," alisema. "Vizuri sana. Asante, mwanangu." Akachota tena.

Fundi hakuwa amejiandaa kwa hilo. Mtu umemtegea anase, yeye anashukuru. Shangazi aliendelea kusifia siagi, akauliza mbona Mwalimu anakula kwa kujivuta, au chumvi ni kidogo. Mwalimu alisema chumvi imekaa sawa. Alikunywa maji, akachota mara ya tatu. Ilikuwa wazi kwamba mwanamke huyu alikula kiapo kabla ya kutoka kwake kwamba leo, litakalowekwa mbele yake, atalimeza. Na akimeza lote na kutabasamu, kisasi kitakuwa kimeliwa, kimekwisha, na hakuna aliyekijua.

"Vizuri namna gani, Mwalimu?" Fundi aliuliza.

"Vizuri tu."

"Siku ile ulikuwa na maneno zaidi."

Shangazi alimkanyaga mguu chini ya meza, Fundi akauondoa mguu. Mwalimu aliweka mikono yake pembeni mwa sahani, na alikuwa anafungua mdomo kujibu, sijui angejibu nini, pale Mpole alipoweka kijiko chake chini. Kililia kwenye sahani kuliko alivyokusudia.

"Mama, usile tena," alisema. "Hivi si vizuri. Ni gundi. Na vya siku ile vilikuwa gundi, na havikuwa vyake. Alivipika vikawa sawa, akaniachia mwiko akaenda kusafisha gauni. Aliniambia nisivisonge. Nikavisonga mimi. Ulipomwita vile mbele ya watu nilikuwa nimekaa karibu yako, nikanyamaza, nikamwacha abebe jina langu miaka yote hii. Mimi ndiye niliyestahili kuitwa hivyo."

Ilikuwa ndefu kuliko maneno yote aliyowahi kumwambia mama yake kwa mkupuo mmoja. Mwalimu alimtazama kama anayemtafuta kwenye picha ya darasa. Shangazi alikuwa amebaki na kipande cha kuku hewani.

"Na vya leo?" Mwalimu aliuliza. "Maana naona Shangazi yake anakula vingine."

Mpole hakusita. "Vya leo pia nimesonga mimi. Nilikwenda jikoni, nikamng'ang'ania anipe mwiko. Nisamehe, mama. Mkono wangu haujifunzi."

Fundi alimkazia macho. Aliyemkosea kwa kunyamaza sasa alikuwa anadanganya kwa ajili yake, mbele ya mama yake, uso mkavu. Na uongo wenyewe ulikuwa wa kumfaa. Angeuacha tu, angetoka pale akiwa msafi, mchumba ameungama, mama mkwe amenyenyekea, Shangazi ana furaha. Lakini mtu ameumenya uchungu wake tangu asubuhi, kiazi kimoja kimoja, halafu aje mwingine ausemee kuwa wake? Hapana. Kisasi kilikuwa chake, alikitolea jasho.

"Anadanganya," alisema. "Vya leo nimesonga mimi, Mwalimu. Kwa makusudi. Nilitia maziwa ya baridi, nikavisonga mpaka mkono ukauma. Nilitaka umeze jina ulilonipa, halafu nikukatalie mwanao mbele ya Shangazi wangu kama ulivyonikataa mbele ya ndugu zako. Mwanao aliniona jikoni. Hata kuonja hakuhitaji."

Shangazi aliweka kuku chini na kusema, kwa sauti ambayo Fundi hakuwa ameisikia tangu utotoni, kwamba nyumbani kwake mgeni hajawahi kulishwa gundi, na kwamba mazungumzo ya wao wawili yatafanyika baadaye mlango ukiwa umefungwa. Aligeuka aanze kuomba radhi. Mwalimu alimzuia kwa kiganja.

"Niache, mama," alimwambia Shangazi. "Mimi nina umri wa kujibu mwenyewe." Akamgeukia Fundi. "Viazi vile vingekuwa vizuri, ningetafuta kasoro kwenye viatu vyako. Nilikuwa na binti wa rafiki yangu kichwani. Nilitaka sababu, ukaniletea, nikaifurahia. Usiku ule nililala usingizi mzuri. Huo ndio ukweli, sina mwingine."

Akavuta sahani yake karibu. Wote watatu walimtazama akila. Hakukunja uso, hakujitia kufurahia. Alichota, akavuta uzi wa viazi kwa kidole pale ulipogoma kukatika, akameza, akachota tena, mpaka sahani ikawa nyeupe. Shangazi alimwongezea maji mara mbili bila kuombwa. Alipomaliza alilaza kijiko chini, na macho yake yalikuwa mekundu, ama kwa aibu ama kwa kukabwa.

"Nimelimeza," alisema. "Kama kuna jingine, lete."

Hakukuwa na jingine. Kisasi Fundi alikipata, na kilikuwa kitamu, asikudanganye mtu. Alikisikia kikishuka mwilini mpaka kwenye nyayo. Lakini kiliposhuka alishangaa kuona kwamba hasira iliyobaki ndiyo kubwa, na haikuwa ya Mwalimu. Mwalimu alimkosea kwa sentensi moja. Mpole alimkosea kwa kila siku aliyonyamaza.

Shangazi, ambaye hakupenda jambo likae bila kufungwa, alisafisha koo. Alisema yeye ni mtu mzima, amepokea wageni waliokuja na shauri, shauri limesikika, na pamoja na vituko vyote vilivyofanyika wana haki ya kuondoka na jibu. "Kwa hiyo niwaambie nini hawa watu?" alimuuliza Fundi. "Unamtaka au humtaki?"

Neno la wiki nzima lilikuja ulimini lenyewe. Fundi alimtazama Mpole. Safari hii hakuwa anatazama sahani. Alikuwa ameinua kichwa, ameshika ukingo wa meza kwa vidole vyake vyenye mikwaruzo, anasubiri kupigwa, na hakuwa anakwepa.

"Nikisema simtaki," Fundi alianza polepole, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata, "ataondoka hapa, atakonda kidogo, watu watamwonea huruma. Watasema maskini Mpole, aliungama na bado akakataliwa. Halafu siku moja atapona, atasahau. Mimi sitaki apone. Sijamsamehe, Shangazi. Sijamsamehe hata kidogo. Na mtu ambaye hujamsamehe humwachii aende akakae mbali na wewe kwa raha zake." Alivuta pumzi. "Nimemkubali. Nataka nimkasirikie kwa karibu."

Shangazi aliwatazama wote kwa zamu. "Sasa hiyo ni ndiyo au ni matusi?"

"Ni ndiyo," alisema Mwalimu. "Nimesahihisha watoto wengi. Hiyo ni ndiyo."

Mpole alifungua mdomo. Pengine alitaka kushukuru, pengine alitaka kulia, yote mawili yalikuwa usoni. Fundi alinyanyua kidole.

"Usiseme kitu kizuri," alimwambia. "Bado sijawa tayari kukisikia. Inuka."

Mpole aliinuka, akamfuata mpaka jikoni. Sufuria ya gundi ilikuwa pale ilipoachwa, na ilikuwa imeanza kukauka. Viazi vilivyosongwa vikipoa vinashika chuma mpaka vikwanguliwe, na hivi vilikuwa vimeshika kuanzia chini hadi ukingoni. Fundi aliisukuma mbele yake, akavuta kiti, akaketi, akaegemea ukuta. Mpole alivua saa, akakunja mikono ya shati, akafungua maji. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama chini ya sinki, akainuka.

"Sabuni iko wapi?" aliuliza.

"Itafute," alisema Fundi.